Bei ya mshauri mwelekezi huanzia mezani kwako

Nikiitwa kuendesha mafunzo kwenye taasisi nunuzi yoyote, kabla ya chai ya saa nne kuna mkuu wa idara atakayenyoosha mkono na kusema: "Hizi kampuni za ushauri zinatukamua. Zinajipangia bei zinavyotaka." Wenzake wanaitikia kwa vichwa. Neno hilo nimelisikia halmashauri, nimelisikia wizarani, nimelisikia hata kwa madiwani wanaopitisha bajeti zenyewe, na sasa limenichosha.

Kampuni haijipangii bei hewani. Inasoma hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi ulizoandika wewe, inahesabu wataalamu uliowataka na siku za kazi ulizokadiria, ndipo inatia bei yake humo. Ukiandika "kutoa ushauri wa kitaalamu kadiri itakavyohitajika", kila mzabuni atajaza siku za tahadhari, maana hajui utamwita mara ngapi. Ukidai kiongozi wa timu mwenye shahada ya uzamivu na uzoefu wa miaka 20 kwa kazi ya kukusanya takwimu za masoko matatu ya wilaya, utaletewa huyo huyo, kwa bei yake. Nimesoma hadidu za rejea zinazojaza kurasa nyingi na mpaka mwisho hazisemi taasisi inataka kujua nini. Moja ilinakiliwa kutoka mradi mwingine kwa haraka kiasi kwamba jina la mkoa wa watu lilibaki humo.

Halafu kuna takwimu. Mnazo, ziko makabatini, lakini barua ya kumruhusu mshauri azione imelala masijala. Atafanya nini? Ataingia uwandani kukusanya upya kile mlichonacho, na siku hizo mtazilipia. Rasimu ya ripoti ikija, mkataba unawapa muda wa kutoa maoni. Maoni yanatoka muda huo umeshapita zamani, tena yanapingana yenyewe kwa yenyewe kwa sababu idara mbili hazijakaa pamoja. Kinachofuata ni nyongeza ya mkataba, na kwenye nyongeza ndiko fedha inakopotelea.

Usimamizi wa ujenzi ndio mbaya kuliko yote. Humo mshauri kwa kawaida hulipwa kwa muda anaokuwepo kwenye mradi. Mkandarasi akisimama kwa kuwa wananchi hawajalipwa fidia, au kwa kuwa hati zake za madai zimekwama, mhandisi msimamizi bado yupo, gari lake lipo, nyumba aliyopangishiwa ipo, na ankara inaingia kila mwezi. Mwaka ukiisha, mtu anasimama kikaoni kusema mshauri ametula. Fidia ilicheleweshwa na nani?

Wenzetu nao wamo. Afrika Kusini, mamlaka ya kodi, SARS, iliichukua kampuni ya ushauri ya Bain mwaka 2015 kwa kazi ya tathmini, kazi ikarefushwa bila ushindani mpya mpaka ikafika randi milioni 164. Tume ya Jaji Nugent ya mwaka 2018 ilikuta kampuni na kamishna wa SARS walikuwa wakikutana kabla hata zabuni haijatangazwa. Bain ilirudisha fedha, na siitetei hata kidogo, lakini hakuna nyongeza iliyopita bila saini ya upande wa serikali. Uingereza nako, kamati ya bunge ya hesabu za serikali ilieleza mwaka 2021 kwamba mpango wa kufuatilia maambukizi ya UVIKO-19 bado ulikuwa na washauri wapatao 2,500 mwezi Februari, kwa wastani wa pauni 1,100 kwa siku kila mmoja. Hao hawakuvunja mlango. Waliitwa.

Ushauri wangu naurudia kila mahali, na wanaoufuata ni wachache. Kabla ya hadidu za rejea, andikeni ukurasa mmoja: swali lenu ni lipi, nani atalitumia jibu, na uamuzi gani utafanywa nalo, lini. Mkishindwa kuujaza ukurasa huo, msitangaze zabuni. Na mtajeni kwa cheo mtumishi atakayekwenda na mshauri tangu taarifa ya awali hadi ya mwisho, na awe mtu mwenye muda, si yule anayekaimu nafasi tatu.

Kuna maneno mengine matatu ninayoyasikia. "Tumchukue wa bei ya chini." Kwa kununua saruji, sawa. Kwa ushauri, njia iliyozoeleka hupima ubora na gharama pamoja, mara nyingi alama 80 za ubora kwa 20 za gharama, na bahasha ya fedha haifunguliwi mpaka ubora umepimwa. Chukua kampuni mbili: ya kwanza ina alama 75 za ubora na bei ya shilingi milioni 100, ya pili alama 85 na bei ya milioni 120. Ya kwanza inapata 60 za ubora na 20 zote za bei, maana ndiyo ya chini, jumla 80. Ya pili inapata 68 na 16.7 (yaani 20 mara 100 gawa kwa 120), jumla 84.7. Ghali imeshinda kihalali, hakuna aliyehongwa.

"Milioni mbili kwa siku, mshauri anakula peke yake?" Hapana. Hapa Tanzania kampuni ya nyumbani hukatwa kodi ya zuio, ile inayozuiliwa kwenye malipo yenyewe, asilimia 5, ya nje asilimia 15. Ndani ya kiwango hicho mna pango la ofisi, bima, wahasibu, na miezi ambayo mtaalamu huyo hana kazi yoyote.

"Mshauri ndiye aliyesema." Hili hutoka kwa wakubwa, kwa kawaida mkaguzi wa CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, akiwa ameshavuta kiti. Sheria ya Ununuzi wa Umma, ile ya 2011 na hii ya 2023 iliyoifuta, inamwachia afisa masuuli, mtendaji mkuu anayewajibika kwa fedha za taasisi, dhamana ya ununuzi wa taasisi yake. Ripoti ya mshauri ni karatasi. Aliyeikubali ndiye anayeulizwa.

Na wale wanaoamini kuwa ushauri maana yake ni wageni: aliyesimamia ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, ni TECU, kitengo cha ushauri wa kihandisi cha TANROADS, wakala wa barabara. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina BICO, kitengo chake cha ushauri, na hao wameshafanya kazi nyingi za serikali. Wageni hujaa zaidi pale fedha inapotoka nje, hasa mkopo wa nchi kwa nchi wenye sharti kwamba kampuni itoke kwa mkopeshaji. Sharti hilo hujadiliwa siku ya kusaini mkopo; likifika kwenye bodi ya zabuni, wajumbe hawana tena la kubadilisha.