Gharama mbadala: kwa nini mji hubishania uwanja ujengwe wapi

Gharama mbadala ni thamani ya kile unachokikosa kwa sababu umechagua kingine. Mama mwenye kiwanja kimoja akijenga vyumba vya kupangisha, saruji na mabati si gharama yake yote. Amepoteza pia mahindi ambayo angeyavuna hapohapo kila msimu, na kwa kuwa hakuna anayemletea risiti ya mahindi hayo, ni rahisi kuyasahau.

Miji nayo husahau. Habari za uwanja mpya wa michezo zikianza, zinazotajwa ni bei za nyasi, viti na taa. Bei ya mahali penyewe haitajwi.

Tazama Cape Town, Afrika Kusini, ilipotafuta mahali pa uwanja wa Kombe la Dunia la 2010. Newlands palikuwa na uwanja wa raga uliotumika tangu karne ya 19. Athlone, upande wa Cape Flats, palikuwa na uwanja wa soka uliozungukwa na watu wanaoupenda mchezo huo, wengi wao wakitoka familia ambazo utawala wa ubaguzi wa rangi uliziondoa kwa nguvu karibu na katikati ya jiji. Green Point ilikuwa kwa sehemu kubwa ardhi ya wazi kando ya bahari, jirani na hoteli za watalii, na Table Mountain ikionekana vizuri kwenye televisheni. FIFA ilipendelea Green Point, na ndipo uwanja mpya ulipojengwa. Kazi ilianza 2007, ikala zaidi ya randi bilioni 4, na uwanja ukapokea mechi 8 za mashindano hayo.

Wapinzani walisema fedha hizo zingejenga nyumba za maskini. Uchungu wao naulewa, ila hapa dhana yenyewe inadai uangalifu. Gharama mbadala haihesabu kila jambo jema unaloweza kuliwazia. Inahesabu chaguo bora lililofuata ambalo kweli lingewezekana. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka serikali kuu kwa ajili ya Kombe la Dunia, kwa hiyo si lazima ingegeuka nyumba. Uwanja mkubwa Athlone, lakini, ulikuwa jambo la kujadiliwa mezani. Hapo mashabiki wa soka wangeufikia kwa nauli ndogo, na barabara na biashara zinazofuata mradi mkubwa zingeelekea mitaa iliyonyimwa vitu hivyo kwa miongo mingi. Athlone iliishia kukarabatiwa iwe mahali pa mazoezi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo gharama kubwa zaidi ya Green Point, nayo haimo katika zile bilioni 4.

Kisha kuna miaka inayofuata. Mwaka huohuo wa 2010, waliotarajiwa kuuendesha uwanja walijitoa, mzigo wa matunzo ukabaki kwa jiji. Raga ilihamia hapo kutoka Newlands mwaka 2021 tu. Uwanja una wapangaji sasa, lakini muongo mzima wa kuulipia nao ni sehemu ya hesabu.

Kwa hiyo mji wako ukitangaza eneo la uwanja, usiishie kuuliza utagharimu kiasi gani. Omba uonyeshwe eneo la pili lililofikiriwa na makadirio yake: nauli ya shabiki wa kawaida kufika na kurudi usiku, watakaohamishwa, matumizi ya ardhi hiyo pasipo uwanja, na timu itakayocheza pale wageni wakishaondoka.