Barua ya Uhamisho Haiombi Ridhaa ya Mkuu wa Shule, Ila Ina Masharti Yake

Kila Januari shule zinapofunguliwa, meza yetu hapa Dodoma hujaa malalamiko ya aina moja. Mwaka huu yamezidi, ndiyo maana naandika. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi, au mkuu wa shule ya sekondari, amepewa barua ya uhamisho. Hakuulizwa, hataki kwenda, na anataka tumwonyeshe pa kushtaki.

Nianze na lile wengi hawapendi kulisikia: uhamisho wa mtumishi wa umma hausubiri ridhaa yake. Ulipokubali ajira ulikubali kufanya kazi popote utakapopangiwa. Hili nimelijibu kwa barua mara nyingi hata vidole vimelizoea. Halafu, ukuu wa shule ni madaraka, si cheo cha kwenye muundo wa utumishi. Daraja lako na mshahara wako unaondoka navyo. Posho ya madaraka iliyoanza kulipwa mwaka 2016, Sh 200,000 kwa mwalimu mkuu na Sh 250,000 kwa mkuu wa shule, inabaki na kiti. Kuikosa kunauma nyumbani, najua, lakini peke yake hakukufanyi uwe umeshushwa cheo.

Sasa, yapo ya kupinga. La kwanza ni mamlaka: aliyesaini barua ana uwezo huo, au ameamua tu? Anayehamisha ndani ya halmashauri hawezi kukuvusha mkoa kwa kalamu yake. La pili, na hapa ndipo mashauri mengi yalipo, ni uhamisho unaotumika kama adhabu. Kuna tuhuma za fedha za shule au ugomvi na kamati, hukuandikiwa mashtaka, hukusikilizwa, unashtukia barua ya "kuimarisha utendaji". Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inalinda haki ya kusikilizwa, na barua yenye maneno mazuri haiiondoi.

La tatu ni fedha. Uhamisho kwa matakwa ya mwajiri una stahiki zake: nauli ya mtumishi na familia, usafirishaji wa mizigo, posho ya kujikimu ya siku 14, na posho ya usumbufu ya asilimia 10 ya mshahara wa mwaka. Uhamisho wa kuomba mwenyewe hauna malipo hayo. Basi wapo maofisa, tuseme ukweli, wanaomwambia mwalimu aingie kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa huduma kwa watumishi, upande wa maombi ya uhamisho (e-Uhamisho), "aombe" ili mambo yaende haraka. Usiombe ambacho hukuomba, na nywila yako usimpe mtu. Waajiri wenzangu nao wanajua vizuri kwamba bajeti ya malipo hayo hutangulia barua. Sioni haja ya kuwafundisha.

Mwaka jana alinijia mwalimu mkuu mmoja na begi la ngozi lililokatika mkanda. Alikuwa ameshaandikwa mtoro. Alipolifungua, ndani ya kipande cha kanga mlikuwa na muhuri wa shule, funguo mbili za kabati la nyaraka na kitabu cha hundi. Aliamini akivishikilia, uhamisho haujakamilika. Huko shuleni aliyeteuliwa badala yake alikuwa akikopa chaki dukani, kwa sababu fedha za ruzuku zilikuwa benki na saini inayotambulika bado ni ya huyu bwana. Hoja yake ilikuwa nzito, maana hakuwa amelipwa hata shilingi. Aliizika mwenyewe kwa kutoripoti.

Mtumishi akikosekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi, hilo ni kosa la kinidhamu. Siku tano, si wiki tano. Huandikiwa hati ya mashtaka, hupewa muda wa kujitetea, huundwa kamati ya uchunguzi, na adhabu zinazoweza kufuata ni kufukuzwa kazi, kushushwa cheo au kupunguzwa mshahara. Kwa walimu shauri hilo liko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu kupitia ofisi yake ya wilaya. Asiyeridhika hukata rufaa ngazi ya juu ndani ya siku 45.

Kwa hiyo ripoti kwanza, lalamika ukiwa kazini. Mwandikie mwajiri, ambatanisha barua ya uhamisho, onyesha tarehe uliyoipokea na mchanganuo wa madai yako. Usipojibiwa, panda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Kukimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi, ni kupoteza nauli: kifungu kilichoongezwa kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma mwaka 2016, kikiitwa 32A, kinataka umalize kwanza njia za ndani ya utumishi, na Mahakama ya Rufani ililisisitiza hilo mwaka 2022 katika shauri la Shirika la Posta. Ukizimaliza, Mahakama Kuu inaweza kuupitia uamuzi. Unaomba kibali kwanza, ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Ukikipata, una siku 14 kuwasilisha maombi yenyewe. Jaji atatazama mamlaka na utaratibu. Hatakuuliza unapenda shule ipi.

Yule wa begi alirudisha muhuri kwa hati ya makabidhiano ya kurasa tatu. Stahiki zake zililipwa baadaye, kwa barua moja tu ya madai iliyoandikwa vizuri. Shauri la utoro liliendelea.