Kifafa cha watoto na poda ya siri ya Amsterdam

Tabibu wa Ulaya wa karne ya 18 akiitiwa mtoto aliyekakamaa na kugeuza macho, mara nyingi alianza na mdomo. Ufizi ukiwa umevimba aliupasua kwa kisu kidogo, kwani iliaminika kuwa jino linaloota huchokoza neva. Asipoona jino, alishuku minyoo na kumwandikia dawa ya kuharisha. Tangu 1689 daktari Walter Harris wa London alikuwa ameandika kwamba maradhi ya watoto wachanga huletwa na asidi ya tumboni, basi wengi walinyweshwa chaki na maganda ya chaza yaliyosagwa.

Mimi hutibu watoto wenye kifafa, na matabibu hawa siwabezi. Walipotoshwa na jambo linalowapotosha wazazi hadi leo. Degedege la homa kwa kawaida hukoma lenyewe baada ya dakika chache, na watoto wengi huachana nalo wakifikia miaka 6 hivi. Chochote atakachopewa mtoto katikati ya hapo kitasifiwa kuwa ndicho kilichomponya.

Ndivyo ilivyokuwa Uholanzi. Ludemann, mganga na mnajimu mashuhuri wa Amsterdam, alikuwa na poda ya siri ya degedege. Gaubius, profesa wa Leiden, aliichunguza akakuta ni oksidi ya zinki, hii hii tunayompaka mtoto aliyebabuka kwa nepi. Mwaka 1771 aliitangaza kwa madaktari wote, na ikaenea Ulaya. Kuianika siri ile hadharani lilikuwa jambo la heshima kubwa. Ila hakuna aliyewaweka kando watoto wasioinywa ili alinganishe, na poda ikaendelea kuaminiwa muda mrefu.

Kwa maoni yangu, aliyeukaribia ukweli zaidi ni daktari Samuel-Auguste Tissot wa Lausanne, Uswisi, katika kitabu chake cha 1770 juu ya kifafa. Alisema kifafa hutokea mambo mawili yakikutana: ubongo ulio mwepesi kushtuka, na kitu cha kuuchokoza. Jino peke yake halitoshi. Hata leo hoja hiyo inanisaidia kumweleza mama kwa nini mapacha wake waliugua homa moja, akapata degedege mmoja tu.

Dawa aliyoitegemea Tissot, mzizi wa mmea wa valeriani, haikuwa na nguvu ya kuzuia kifafa. Bromidi, chumvi iliyoweza kuzuia kifafa, ilikuja kutajwa na daktari Charles Locock mjini London mwaka 1857. Fenobabitoni, dawa nyingine ya kifafa, ilifuata 1912, na mpaka sasa ninawaandikia watoto.