Njiti akifika nyumbani: maneno ya mtaani na ukweli wake

Tulitoka wodini siku ya ishirini na sita. Binti yangu alizaliwa wiki ya 31 akiwa na gramu 1,450, na asubuhi ile mizani ilisoma 1,800. Wifi yangu akashangaa: "Mbona wamewaruhusu na hata kilo mbili hajafikisha?" Wengi wanaamini njiti hatoki hospitali mpaka afike kilo mbili na nusu. Kilo peke yake hazimtoi mtoto. Wanaangalia kama anapumua bila msaada, anakunywa maziwa na kuongezeka kila siku, joto lake halishuki akiwa kifuani kwa mama, na kama mama mwenyewe ameshaiweza kazi. Usiku wangu wa mwisho wodini manesi walikaa pembeni makusudi, wakaniacha nihangaike naye mpaka kukapambazuka.

Nyumbani mama mkwe alikuwa ameshatuandalia chumba. Madirisha yamezibwa kwa kanga. Kitandani blanketi mbili nzito na chupa mbili za maji ya moto. Pembeni, jiko la mkaa limekolea. Alikuwa na furaha machoni, mimi miguu ikaniisha nguvu.

"Bahati yako ni wa miezi saba, wa minane haponi"

Hili nililisikia kwa jirani kabla hata sijautua mkoba. Ni imani kongwe mno, hata Wagiriki wa enzi za Hippocrates waliandika hivyo hivyo kuhusu mtoto wa mwezi wa nane. Si kweli. Kila wiki inayoongezeka tumboni inakomaza mapafu, ubongo na uwezo wa kunyonya, kwa hiyo wa minane ana nafasi kubwa kuliko wa saba. Ubaya wake ni kwamba mama wa miezi minane huanza kupewa pole mtoto akiwa hai.

Kuna na kosa la upande wa pili. Mtoto wa wiki 35 mwenye kilo mbili na nusu huonekana kakamilika, hakuna anayemfuatilia. Naye ni njiti, kama yeyote aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia. Huchoka haraka kunyonya, hupata manjano, na sukari yake ya damu hushuka kirahisi. Kwa hayo manjano utaambiwa umwanike kwenye jua la asubuhi. Jua halitibu manjano, na njiti aliyevuliwa nguo nje hupata baridi au huungua ngozi. Akiwa wa manjano mpaka viganjani na nyayoni, ni hospitali siku hiyo hiyo.

"Amezoea chupa (mashine ya joto ya wodini), ataishije bila joto?"

Mama mkwe alikuwa sahihi kwenye jambo moja: njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hupoa upesi, na baridi inaweza kumuua. Kasoro ilikuwa kwenye dawa yake. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua hata watu wazima usingizini, achilia mbali moshi kwa mapafu machanga. Chupa ya maji ya moto huunguza ngozi nyembamba kama karatasi. Blanketi nazo zinaweza kumfunika uso, na hazizalishi joto, hutunza tu lile alilonalo mtoto. Njiti analo kidogo.

Joto lipo kifuani. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, Dkt. Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyofurika na mashine chache za joto, hizo tunazoziita chupa. Akaanza kuwafunga watoto kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiko ilikotoka huduma ya kangaroo tunayofundishwa leo. Wengi huiona kama huduma ya kimaskini, ya pale chupa zinapokosekana. Lakini utafiti uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania kupitia Hospitali ya Muhimbili ikiwemo, na kutolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri mtoto atulie kwanza kwenye chupa, kunapunguza vifo kwa robo.

Nyumbani inaendelea vile vile. Mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi tu. Anawekwa wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu hakijainamia kifua, maana shingo ikijikunja njia ya hewa inajiziba. Kitenge kinafungwa kikaze mpaka usawa wa sikio, na blauzi juu yake. Inashauriwa masaa 8 hadi 24 kwa siku. Peke yako huyawezi, na si lazima uwe wewe: kifua cha baba kina joto lile lile. Mume wangu alibeba zamu ya usiku, na binti alijifunza kushika manyoya ya kifuani mwake kwa vidole vyembamba kama njiti za kiberiti. Mama mkwe alikataa siku tatu, ya nne akafungua vifungo vya blauzi. Jiko likarudi uani.

Kufungua kitenge moja kwa moja kuna siku yake, na mtoto ndiye anayeisema. Wangu karibu na wiki ya 40, ukihesabu tangu ujauzito, alianza kunisukuma kwa magoti na kulia kila nikimfunga.

"Akilala ndiyo anakua, msimwamshe"

Mtoto aliyetimiza miezi hulia akiona njaa. Njiti anaweza kulala na njaa yake mpaka akalegea, kwa hiyo anaamshwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Kama hana nguvu ya kuvuta, unakamua na kumpa kwa kikombe kidogo: kinagusa mdomo wa chini, yeye analamba kama paka. Usimmiminie. Mililita 30 zilikuwa zikituchukua nusu saa.

Na maziwa yako si mepesi. Maziwa ya mama aliyejifungua kabla ya wakati huwa na protini nyingi zaidi katika wiki za mwanzo, na humkinga mtoto na ugonjwa wa kuoza utumbo unaowashambulia njiti zaidi. Uji, maji ya sukari, maziwa ya ng'ombe na asali havimnenepeshi, vinampa kuhara na wadudu. Kinachoongezwa, kama matone ya madini ya chuma, huandikwa kliniki.

"Asitoke nje kabla ya arobaini"

Arobaini ina hekima yake: mtoto hapitishwi mkono kwa mkono na wageni wenye mafua. Lakini kliniki haisubiri arobaini. Uzito lazima upimwe mara kwa mara, na chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa, haijalishi ni mdogo kiasi gani. Aliyezaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya gramu 1,500 apimwe macho karibu na wiki ya nne, kwa sababu mishipa ya retina, pazia la nyuma ya jicho, huwa haijamaliza kukua na inaweza kuharibika kimya kimya. Ikiwahiwa, inatibika. Akiacha kunyonya, akapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mbavu zikabonyea, akadegedeka, akachemka au akawa baridi, toka hata saa nane za usiku, na njiani akae kifuani.

"Huyu amebemendwa"

Hili liliniuma. Binti akiwa na mwaka mmoja hakuwa amesimama, miguu myembamba, na minong'ono ikaanza kwamba mmoja wetu katoka nje ya ndoa na kumbemenda mtoto. Neno hilo moja linamfanya mama ahukumiwe na mtoto apelekwe kwa mganga.

Njiti ana umri wa aina mbili. Mmoja unahesabiwa tangu azaliwe, na huo ni wa chanjo. Mwingine unahesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, na huo ndio wa kukaa, kutambaa na kusema, mpaka afikishe miaka miwili. Hata sheria za kazi Tanzania, kwa marekebisho ya 2025, zinamwongezea mama wa njiti likizo hadi zitimie wiki 40 za ujauzito. Wangu aliwahi kwa wiki tisa, kwa hiyo kwenye siku yake ya kuzaliwa ya kwanza alikuwa mtoto wa miezi kumi. Nani anasema mtoto wa miezi kumi amechelewa kutembea?

Alitembea akiwa na miezi kumi na mitano, kutoka mlangoni mpaka kwenye mkeka wa bibi yake. Mama mkwe akahesabu kwa vidole, akatoa miwili, kisha akaniangalia: "Kumi na mitatu. Sawasawa na baba yake."