Uwanja wenye paa si lazima uwe wa pasi

Dhana: Timu ya chuo inayochezea ndani inapaswa kushambulia kwa pasi.

Mashabiki wengi wa futiboli ya Kimarekani wanaiamini hii. Hoja yao ni kwamba chini ya paa hakuna upepo wala mvua, basi mpira urushwe. Hilo la upepo ni kweli. Wanachosahau ni kwamba sakafu kavu humfaa mkimbiaji pia: anakata kona kwa kasi bila kuteleza.

Tazama Chuo Kikuu cha Houston, kilichohamia Astrodome, uwanja wenye paa, mwaka 1965. Kocha wao, Bill Yeoman, alijenga timu juu ya mbio, yaani kukimbia na mpira mkononi. Beki mmoja wa wapinzani aliachwa makusudi bila kuzuiwa. Kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, alimtazama yeye tu: beki huyo akimvamia mkimbiaji, kwotabeki anabaki na mpira, akisita, mkimbiaji anapewa na kupenya. Kwa mfumo huo Houston waliongoza vyuo vyote vikubwa kwa yadi za mashambulizi misimu 3 mfululizo, 1966 hadi 1968, na mwaka huo wa 1968 wakaifunga Tulsa 100 kwa 6. Pasi zilikuwepo, tena ndefu, kwa sababu mabeki walishasogea mbele kuzuia mbio.

Baadaye, ndani ya Astrodome ileile, Houston waligeuka wapiga pasi wa kupindukia, na kwotabeki wao Andre Ware akatwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1989. Paa halikubadilika. Walibadilika makocha na aina ya vijana waliosajiliwa.

Dhana: Ndani kuna ubaridi wa kiyoyozi muda wote.

Waulize wa Chuo Kikuu cha Syracuse. Uwanja wao uliofunguliwa 1980 ulibeba jina la Carrier, kampuni ya viyoyozi, na kwa miongo kadhaa haukuwa na kiyoyozi! Mechi za Septemba humo zilikuwa jasho tupu.

Dhana: Kelele za ndani huwapa nguvu washambuliaji wa nyumbani.

Wenyeji wanaojua mchezo hunyamaza timu yao inaposhambulia. Kelele hupigwa mgeni anaposhambulia: kwotabeki wake hasikiki, wachezaji wa mstari wa mbele wanategemea ishara na kuchelewa kuanza. Kwa hiyo anayefaidi zaidi ni safu ya ulinzi, na kwa maoni yangu kocha mwenye paa angeanza kusajili huko.

Dhana: Timu ya ndani ni laini, ikitoka nje inapotea.

Chuo cha North Dakota State wanachezea Fargodome, uwanja wenye paa kwenye mji wenye baridi kali ajabu, na sifa yao ni mbio za nguvu na wazuiaji wazito. Tangu msimu wa 2011 hadi 2024 walichukua mataji 10 ya FCS, daraja la pili la futiboli ya vyuo. Fainali zote hizo zilichezwa Frisco, Texas, kwenye uwanja usio na paa.