Kabla ya Kuandika Azimio la Biolojia, Tazama Mvua

Kila Desemba makundi ya WhatsApp ya walimu wa biolojia huchangamka kwa ombi moja: "Wakuu, nani ana azimio la kazi la Kidato cha Tatu?" Azimio la kazi ni ule mpango wa mwaka unaoonyesha nini kitafundishwa lini. Mtu anatupa faili. Wengine wanalipakua, wanabadilisha jina la shule na mwaka, wanachapa, mkuu wa idara anasaini, mwalimu wa taaluma anapokea, na kazi imekwisha. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija atakuta safu zote zimejaa: umahiri, mwezi, wiki, mada, mada ndogo, idadi ya vipindi, vitendo vya kufundishia, zana, rejea, upimaji, maoni.

Sina ugomvi na kuombana maazimio. Mimi mwenyewe natuma ya kwangu kwa anayeomba. Ninachobisha ni kuamini kwamba azimio la biolojia linahama kutoka shule moja kwenda nyingine kama la hesabu. Mwenzetu wa Bukoba ana mvua karibu mwaka mzima. Wa Dodoma ana msimu mmoja, unaoanza kuelekea Desemba na kukatika Aprili. Mimi niko Morogoro, tuna vuli na masika, na kati yake kuna Januari na Februari za jua kali. Sasa angalia mada ya kwanza ya Kidato cha Tatu katika mpangilio ambao wengi wetu tumeufundisha kwa miaka: uainishaji wa mimea. Unaanza na vile vijimea vya kijani vinavyofunika mawe na kuta zenye unyevu, kisha kangaga, kisha misonobari, ndipo mimea itoayo maua. Januari hapa kwetu vijimea hivyo vimekauka, vimejikunja kama ukoko wa ugali, na hakuna kikonyo hata kimoja chenye kifuko cha spora, zile chembe ndogo ambazo mimea hii huzaliana kwazo. Mwalimu anachora ubaoni, wanafunzi wananakili, na spora inabaki kuwa neno la mtihani.

Subiri masika. Katikati ya Aprili, nyuma ya matangi ya maji na kwenye mifereji ya mabweni, vijimea vimejaa na vikonyo vimesimama. Kangaga za kandokando ya vijito vinavyoshuka kutoka Uluguru zina vile vidoa vya kahawia chini ya jani, vimepangwa safu mbili kama vifungo. Mwanafunzi akikuna kidoa kwa kucha juu ya karatasi nyeupe, unga wa kahawia unaanguka. Hapo huna haja ya kueleza sana.

Kwa hiyo mimi Januari naanza na mada ya mjongeo: mifupa, viungo na misuli. Mifupa haitegemei mvua. Inapatikana buchani mwaka mzima, unaichemsha, unaianika, unaitumia miaka kadhaa. Uainishaji wa mimea nauweka Aprili. Muhtasari wa somo unasema wanafunzi wafikie nini. Kubadilisha mpangilio wa mada ndani ya mwaka mmoja ni jambo la kukubaliana na mkuu wa idara, na hoja ikiwa nzito hukubaliwa. Kikwazo cha kweli ni mitihani ya pamoja ya wilaya au mkoa. Kama kuna mtihani wa pamoja mwezi wa tano au wa sita unaofuata mpangilio wa kawaida, ulizia mapema ni mada zipi zitatoka, maana wanafunzi wako ndio watakaobeba gharama ya ubunifu wako.

Mtaala ulioboreshwa wa 2023 unakuja na lugha ya umahiri mkuu na umahiri mahususi, kwa hiyo vichwa vya mada si vile vile. Hoja yangu haibadiliki: kiumbe kinapatikana lini, na jaribio linachukua siku ngapi.

Kuna kalenda ya pili ambayo faili la mwaka jana haliwezi kukusaidia nayo, nayo ni Ramadhani. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwaka 2024 iliingia Machi, mwaka 2026 imeingia Februari. Kwa Kidato cha Pili hapo ndipo mada ya lishe inapopamba moto, na lishe ina jaribio la mate: wanafunzi wanasuuza vinywa, wanatema mate kwenye testityubu, wanachanganya na uji mwepesi wa wanga, wanaweka kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37, kisha kila dakika mbili wanachukua tone na kulitia iodini mpaka rangi ya bluu nyeusi, ambayo ni dalili ya wanga, iache kutokea. Hutamwambia binti aliyefunga asuuze kinywa na kutema mate mbele ya darasa.

Unaweza kulisogeza jaribio mbele. Au tumia kimea, kile kile cha kutengenezea togwa. Ulezi au mtama ulioota una kimeng'enya cha kuvunja wanga. Saga, loweka kwenye maji ya kawaida kwa nusu saa, chuja kwa kitambaa safi mara mbili. Kabla ya yote pima maji hayo kwa iodini, maana unga wa kimea wenyewe una wanga na ukipenya kwenye kitambaa utakuvurugia matokeo. Ikibidi, acha yatuame na utumie ya juu. Na usithibitishe kwa Benedict, kemikali ya kupimia sukari, kwa sababu kimea kina sukari yake tangu mwanzo. Tegemea kupotea kwa rangi ya iodini. Weka na testityubu ya pili yenye kimea kilichochemshwa, ya kulinganisha. Wanafunzi wa hapa wanaijua togwa tangu utotoni na swali la kwanza huwa ni lile lile: kumbe ndiyo maana inakuwa tamu bila sukari?

Baada ya mvua na mwezi, angalia saa. Hili sijaona azimio lolote likilizungumzia, ilhali linaua majaribio ya usanisinuru kila mwaka. Jani hutengeneza wanga mchana likiwa juani, na usiku mmea unauvunja na kuusafirisha kwenda kwingine. Kama vipindi vyako viwili vya mfululizo viko saa mbili asubuhi na unawatuma wanafunzi wakachume majani ya hibiskasi kwenye uzio muda huo huo, jani lina wanga kidogo sana. Wanachemsha, wanatoa ukijani kwa spiriti, wanatia iodini, na jani linabaki kahawia. Darasa linahitimisha kwamba mimea haitengenezi wanga, na mwalimu anaanza kusingizia iodini ya zamani.

Yule yule anayekupangia ratiba, mwalimu wa taaluma, anaweza kukuokoa. Omba vipindi vya mfululizo viwe baada ya chai au mchana, na uombe kabla ratiba haijabandikwa, maana ikishabandikwa kila mtu anailinda. Ikishindikana, chuma majani siku iliyotangulia saa tisa alasiri na uyatumbukize papo hapo kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Moto unasimamisha vimeng'enya na wanga unabaki ulipo. Asubuhi unaendelea na hatua ya spiriti. Spiriti ipashwe ndani ya bika la maji ya moto na jiko likiwa limezimwa. Hilo halina mjadala.

Jani la kulinganisha linahitaji mmea uliokaa gizani saa 48. Kipindi kikiwa Jumatatu, mmea unaingia kabatini Jumamosi, na lazima azimio lionyeshe nani anauingiza. Shule ya bweni, mpe kiranja wa maabara. Shule ya kutwa, hamishia jaribio Alhamisi. Kinyume chake, yako majaribio yanayoipenda Jumamosi na Jumapili: miche ya maharage ndani ya boksi lenye tundu upande mmoja, ukiipanga Ijumaa, Jumatatu inakuwa imepinda kuelekea tundu bila wewe kupoteza kipindi hata kimoja.

Ndiyo sababu kwenye azimio langu nimeongeza safu moja ambayo haimo kwenye fomu, naiita "anza lini". Mada ya uzazi wa mimea nafundisha Oktoba, na nataka ua la mahindi pamoja na la hibiskasi, ili wanafunzi waone ua linalochavushwa na upepo na linalovutia wadudu. Oktoba hapa mashamba ni makavu. Basi wiki ya pili ya Agosti safu hiyo inasema: panda mistari miwili ya mahindi nyuma ya maabara, mwagilia. Mahindi ya muda mfupi huchanua baada ya kama miezi miwili. Mwanafunzi anatikisa mbelewele juu ya karatasi nyeusi, anaona chavua, kisha anahesabu ndevu na punje kwenye gunzi changa na kugundua mwenyewe kwamba kila unywele una punje yake. Mada ya utoaji wa takamwili inahitaji figo, na figo za mbuzi huisha buchani mapema sana, kwa hiyo safu inasema: ongea na mwenye bucha siku mbili kabla.

Sasa hesabu ya wiki, ambayo watu huifanya kwa matumaini mno. Kalenda ya shule inaanza Januari na kuishia mwanzoni mwa Desemba, na kwenye karatasi wiki zinaonekana nyingi. Toa mitihani ya katikati ya muhula, ya Juni na ya mwisho wa mwaka pamoja na siku za kusahihisha. Toa Muungano, Mei Mosi, Pasaka, Idi mbili, Sabasaba, Nanenane. Toa siku za UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ambapo nusu ya darasa iko uwanjani au inashangilia. Kisha toa Novemba nzima. Kidato cha Nne wako kwenye mtihani wa taifa, maabara imefungwa kwa ajili ya mtihani wa vitendo, baadhi ya walimu wameitwa kusimamia shule nyingine, na Kidato cha Tatu wamehamishwa madarasa. Atakayepanga kufundisha mfumo wa uzazi Novemba anajidanganya. Nikibakiwa na wiki 28 za kufundisha kweli kweli nashukuru, na kwa vipindi vinne kwa wiki hiyo ni 112. Katika hivyo nagawa 100 tu. Kumi na viwili vinabaki bila mada, vimetawanywa, kwa sababu mvua itanyesha siku ya kwenda kukusanya vielelezo, umeme utakatika, na mgeni wa wilaya atakuja bila taarifa.

Kugawa nako kuna mtego. Kidato cha Pili mada ya lishe ina kila kitu: virutubisho, mmeng'enyo wa binadamu, wanyama wanaocheua, usanisinuru, magonjwa ya lishe, hifadhi ya chakula. Ni tamu kufundisha, na walimu wengi huipa miezi minne. Halafu usafirishaji katika viumbe na upumuaji vinakimbizwa Septemba, mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili ukiwa mlangoni. Mimi hifadhi ya chakula naifanya kipindi kimoja na kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi amuulize mama au bibi jinsi ya kukausha mboga au samaki. Kipindi nilichookoa nakipeleka kwenye osmosisi, yaani maji kupenya utando kuelekea palipo na chumvi au sukari nyingi zaidi, ambako kipande cha kiazi kwenye maji ya chumvi kinataka muda wake. Osmosisi ikieleweka Kidato cha Pili, figo itaeleweka Kidato cha Tatu. Isipoeleweka, utaifundisha upya huko mbele kwa vipindi ambavyo hukupanga.

Orodha ya kemikali iende kwa mkuu wa shule wakati bajeti inaandikwa, iambatane na wiki ya matumizi. Ukiandika "iodini, Benedict, Sudan III, sodiamu hidroksaidi, salfeti ya shaba" bila tarehe, itasubiri. Ukiandika kwamba Benedict inahitajika wiki ya tatu ya Februari, na kiasi gani, mhasibu ana kitu cha kushika. Iodini ikichelewa, ile ya vidonda ya duka la dawa, ikizimuliwa kwa maji, inafanya kazi vizuri kwa wanga. Maji ya chokaa ya kupimia hewa ukaa unayatengeneza mwenyewe kwa chokaa ya kupakia kuta: koroga, acha usiku kucha, mimina maji maangavu ya juu, funga chupa vizuri.

Safu ya maoni wengi huijaza "imefundishwa vizuri" kuanzia juu mpaka chini, mara nyingi kwa kalamu moja na siku moja. Ya kwangu ina maneno kama "kangaga za Aprili wiki ya 2 bado changa, spora hazijakomaa, sogeza wiki ya 4" au "vipindi 6 havikutosha kwa jicho na sikio". Mthibiti ubora mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini yangu inaonekana chafu. Nilimpa na ya mwaka uliotangulia, akakaa nayo mpaka kengele ya chai, kisha akaomba kuipiga picha kurasa za Aprili.