Jangwa halina miguu

Nilikuwa kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, upande wa Posta, kiyoyozi kinapuliza mpaka akina mama wamejifunika khanga. Mtoa mada akashusha sauti kama anatoa taarifa ya msiba: "Ndugu zangu, jangwa linakuja." Ukutani kulikuwa na picha ya ngamia na vilima vya mchanga, na chini yake pameandikwa Dodoma. Watu wakaandika kwenye madaftari. Kesho yake nikayasikia maneno hayohayo kwenye redio ya daladala ya Mbagala, na abiria mmoja akaitikia, "Ndiyo maana maji yanakatika."

Maana yenyewe ni fupi. Kuenea kwa hali ya jangwa ni ardhi ya maeneo makavu kuchakaa, ikapoteza uwezo wake wa kuotesha na kulisha, kwa sababu ya matumizi yetu, mabadiliko ya hali ya hewa, au vyote pamoja. Hayo ndiyo yaliyomo, kwa maneno marefu zaidi, kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa Paris tarehe 17 Juni 1994. Ndiyo maana kila tarehe hiyo, siku ya dunia ya kupambana na hali hiyo, tunagawiwa fulana.

Ugomvi wangu ni wa neno moja dogo la katikati: hali. Kiswahili cha ofisini kinasema "kuenea kwa hali ya jangwa". Mtangazaji, kwa haraka zake, analiangusha, linabaki "kuenea kwa jangwa". Sasa, kuenea ni kitenzi cha moto na kipindupindu. Kinataka mahali palipoanzia na njia ya kupitia. Ukishasema jangwa linaenea, msikilizaji anaiona Sahara inateremka, imeshavuka Turkana, ipo Namanga inasubiri kugongewa mhuri. Lakini hali haitoki kwa jirani. Mgonjwa akiwa na hali mbaya, ni mwili wake mwenyewe uliodhoofika, pale pale kitandani alipolala.

Hata wasomi waliwahi kujikwaa hapo. Mwaka 1975 Hugh Lamprey, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa chuo chetu cha wanyamapori Mweka, aliruka na ndege juu ya Sudan, akalinganisha alichokiona na ramani ya 1958, akakadiria kuwa mpaka wa jangwa umeshuka kusini kama kilomita 5.5 kila mwaka. Namba ile ilizunguka dunia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walipokwenda kukagua uwanjani na kwa picha za setilaiti miaka ya themanini, safari hiyo ya jangwa hawakuiona. Waliona majani yanayopungua mwaka wa ukame na kurudi mvua ikirudi.

Tena mkataba wenyewe umeyaacha nje majangwa ya kweli. Unachukua mvua ya mwaka, unaigawa kwa maji ambayo jua na upepo vingeweza kuyakausha. Jibu likiwa kati ya 0.05 na 0.65, eneo limo. Katikati ya Sahara jibu ni chini ya 0.05, kwa hiyo hapamo. Jangwa halisi haliumwi, limeumbwa hivyo. Na André Aubréville, Mfaransa wa misitu aliyelipa umaarufu neno "désertification", yaani kuenea kwa hali ya jangwa, mwaka 1949, alikuwa anatazama sehemu za Afrika zinazopata milimita 700 hadi 1,500 za mvua, zimekatwa miti na kuchomwa moto, akasema majangwa yanazaliwa humo humo. Huko kuna mvua kuliko Dodoma, isiyofikisha hata 700.

(Mchanga unaotembea Tanzania tunao, ule mweusi wa Ngorongoro, karibu na Olduvai, unaosogezwa na upepo kama mita 17 kwa mwaka. Ni majivu ya volkano. Hauhusiki.)

Ukitaka kuona hali ya jangwa inavyoanza, toka uani na ndoo. Mwaga maji pale panapofagiliwa kila alfajiri mpaka pamekuwa pagumu kama sakafu: yanateleza, yanabeba vumbi, yanaishia kwa jirani. Mwaga ndoo nyingine chini ya mwarobaini, penye majani makavu: yanazama. Ndoo ni zilezile. Shamba lililovuliwa nguo linafanya kama ule uwanja. Matone yanaigonga ardhi, juu panashika gamba, maji yanakimbia na udongo wenye rutuba, na mkulima anaapa mvua zimepungua hata mwaka ambao hazikupungua.

Kondoa ilifikia hapo, makorongo ya kumeza nyumba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Nyasi zikarudi, vichaka vikafuata. Waliolipa gharama ni wenye ng'ombe, na hilo husemwa kwa sauti ndogo mno. Lakini hakuna aliyelisindikiza jangwa kurudi Sahara.

Na yule abiria wa Mbagala: mvua ikikosekana ni ukame, kama ukame wa magoli, unakuja na unaondoka. Bomba likikauka ni mgawo. Sisi wa Dar tungepaswa kuwa wa mwisho kuchanganya, maana Jangwani yetu, lile bonde la katikati ya mji, kila masika makubwa inafurika mpaka Barabara ya Morogoro inafungwa.

Wakati wa chai nilimfuata mtoa mada. "Kaka, mada nzuri. Rudisha tu neno hali, na ngamia mpumzishe." Hakukasirika, akauliza aweke picha gani. Nikamwambia, weka korongo la Kondoa. Juzi kanitumia slaidi mpya. Hali ipo, imekolezwa wino. Pembeni yake amesimama ndege mweupe mwenye mdomo mrefu. Nikamjibu: "Asante sana, kaka. Ila si huyo wa miguu mirefu. Ni lile la kwenye ardhi."